Presha ikishuka mezani: ndiyo inayomvuruga mzee akili baada ya upasuaji?

Mzee anaingia kubadilishwa nyonga akiwa na akili timamu. Siku ya pili hajui yuko wapi, anang'oa dripu, anawaita wauguzi kwa majina ya ndugu waliokwisha kufa. Familia ikisikia kwamba presha yake ilishuka akiwa mezani, inaona imeshapata jibu. Wataalamu wengi wa dawa za usingizi za upasuaji nao wameamini hivyo kwa miaka. Utafiti hauliungi mkono jibu hilo waziwazi, lakini pia hautoi ruhusa ya kuiacha presha ishuke.

Msingi wa hofu hiyo ni wa kweli. Ubongo hujirekebishia mtiririko wa damu presha inapobadilika, na tangu andiko la mtafiti Lassen la mwaka 1959 wanafunzi wamefundishwa kwamba kazi hiyo hufanyika wastani wa presha (ulio kati ya namba ya juu na ya chini) ukiwa kati ya 50 na 150 mmHg. Leo tunajua mpaka wa chini hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kwa aliyeishi na presha ya kupanda miaka mingi husogea juu. Wastani wa 60 anaouvumilia kijana unaweza kuunyima damu ubongo wa mzee aliyezoea 105. Katika upasuaji wa moyo kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wagonjwa walioshikiliwa juu ya mpaka wao wenyewe, uliopimwa kwa vihisio vya kwenye paji la uso, walichanganyikiwa kwa asilimia 38. Waliotunzwa kwa kawaida walifika asilimia 53.

Upande wa pili una uzito wake. Mwaka 1998 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi ulikuta asilimia 25.8 wamepungukiwa kiakili wiki moja baada ya upasuaji, na asilimia 9.9 miezi 3 baadaye. Presha ya chini haikuonekana kuwa chanzo. Mwaka uliofuata, huko New York, wagonjwa 235 wa nyonga walishushwa presha makusudi, kundi moja hadi wastani wa 45–55 na jingine 55–70, na akili zao hazikutofautiana. Katika sehemu ya POISE-3, utafiti mkubwa wa upasuaji usio wa moyo, iliyofuatilia ubongo wa wagonjwa 2,603, waliolengwa wastani wa 80 au zaidi walichanganyikiwa kwa asilimia 7.3, na waliolengwa 60 au zaidi kwa asilimia 7.0.

Mbona basi tafiti za kuangalia kumbukumbu za wagonjwa huona uhusiano mara kwa mara? Kwa sababu mgonjwa dhaifu ndiye anayeshuka presha haraka, na ndiye mwenye ubongo usio na akiba.

Wastani wa kundi huficha pia makosa ya kipimo. Mgonjwa wa bega hukalishwa, mkanda wa presha ukiwa mkononi na kichwa kikiwa sentimita 25 juu yake. Kila sentimita hupunguza takriban 0.77 mmHg. Mashine ikisoma 65, ubongo unapata kama 46. Mkanda ukifungwa mguuni, pengo ni kubwa zaidi. Halafu kuna muda: mashine iliyowekwa kupima kila dakika 5 inaweza isione anguko la presha linalofuata sindano ya ganzi ya mgongoni. Dakika 15 za mwanzo ipime kila dakika 1 au 2.

Dozi nayo ina sehemu yake. Propofol, dawa ya kumlaza mgonjwa, ya 2 mg kwa kilo ikisukumwa haraka kwa mtu wa miaka 75 ni kumtafutia anguko. 1 hadi 1.5, kidogokidogo, humtosha, ila subiri, maana damu yake huchelewa kuifikisha dawa kichwani. Akishuka huku mapigo ya moyo yakiwa ya haraka, fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, mikrogramu 50–100 hufaa. Mapigo yakiwa ya polepole, efedrini, inayopandisha presha na mapigo pia, 5–10 mg. Fenilefrini huweza kupandisha namba huku ikipunguza damu inayosukumwa na moyo, na oksijeni ya ubongo ikashuka presha ikionekana nzuri. Anayevuja damu anahitaji damu.

Msimamo wetu: chukua presha ya siku za kliniki, si ya mlangoni mwa chumba cha upasuaji mgonjwa akiwa na hofu, umshikilie ndani ya asilimia 20 ya hiyo na asishuke chini ya 65. Faida iliyo wazi zaidi hapo ni ya moyo na figo. Kwa akili, dawa alizopewa wodini, yaani midazolamu (ya kutuliza), prometazini (ya mzio na kichefuchefu) na pethidini (ya maumivu), zinastahili kuulizwa kwanza, pamoja na maumivu, mkojo uliobana, usiku bila usingizi, na miwani iliyoachwa nyumbani. Na kabla ya upasuaji mwombe ataje tarehe, akumbuke maneno matatu baada ya dakika 5, ahesabu miezi kinyumenyume, kisha uandike majibu kwenye faili. Bila hayo hakuna atakayejua alichopoteza mezani na alichokuja nacho.