Paka akipukutika kiangazi, shika kitana

Kiangazi kikikolea hapa Dodoma, malalamiko ni yale yale. Paka kajaza manyoya kwenye kochi, suti nyeusi ya kuendea kazini kwenye ofisi za serikali za Mtumba imekuwa ya kijivu mgongoni, mtoto hapumziki kupiga chafya. Baada ya muda unapita kwa jirani na paka humwoni. Ukiuliza, unajibiwa: "Tumempeleka sokoni, huko panya hawakosekani." Mtindo huu wa kumtia paka kwenye kiroba na kwenda kumbwaga sokoni naupinga kwa moyo wote. Mnyama amewalindia unga na karanga miaka na miaka, halafu anafukuzwa kwa jambo linalomalizwa na kitana na dakika chache uani.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu paka umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao husema paka hubadilisha koti lake la manyoya mara mbili kwa mwaka, baridi inapokwisha na inapokaribia kurudi. Kwao ni kweli. Kinachomwongoza paka kupukutika ni urefu wa mchana kuliko joto lenyewe: macho yanapokea mwanga, ubongo unaongeza au kupunguza homoni ya melatonini, na ngozi inafuata. London, mchana wa Juni unauzidi ule wa Desemba kwa zaidi ya saa 8. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni dakika 40 hivi. Kwa hiyo paka wetu hapati amri kali ya kuvua koti kwa mkupuo. Anapukutika kidogo kidogo mwaka mzima, na taa za umeme tunazowasha hadi usiku zinazidi kumchanganyia hesabu.

Mbona basi kiangazi ndiyo tunalia? Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na kipindi hicho paka anashinda nje barazani, unyevu unayalaza manyoya chini. Zikikatika, hewa inakauka. Juni na Julai upepo na baridi ya usiku vinatufanya tufunge madirisha, na paka naye anahamia kwenye kochi. Manyoya makavu yanang'ang'ania kila kitambaa, hasa poliesta. Jua la Septemba na Oktoba likianza kuchoma, kwangu ndipo yanapotoka kwa mafungu. Na nyumba zenyewe zimebadilika. Paka wa tembe, nyumba yetu ya udongo ya zamani, alilala karibu na vilindo vya kuhifadhia mtama na uwele, na juu ya sakafu ya udongo hakuna aliyeona unyoya. Leo tumeweka vigae vyeupe na makochi ya velveti yenye vitambaa vya kufuma, halafu tunamshangaa paka.

Unyoya ukishafika kwenye kochi umekuzidi mbio. Ukamate ukiwa bado mgongoni mwa paka. Jioni jua likipoa, mtoe uani, keti kwenye kigoda upepo ukiwa nyuma yako. Lowesha kiganja, kung'uta maji, mpapase kuanzia kisogoni hadi mkiani ili yaliyolegea yashikane. Kisha chukua kitana chenye meno ya karibu karibu, kile cha kutolea chawa, upitishe polepole kufuata manyoya yalivyolala. Kiunoni, juu kidogo ya shina la mkia, kitana kitazama na kutoka na fungu laini, jepesi, la kijivu, hata kama paka wako kwa nje ni mweusi tii. Hilo ni koti la ndani, na ndilo linalojaza nyumba. Tumbo liache mwisho. Wengi hawapendi kuguswa hapo. Mkia ukianza kupigapiga chini, mwachie aende. Kesho mtaendelea. Akizoea atakuwa anakuja mwenyewe akisikia kigoda kinaburutwa.

Kumchana hivi kunamsaidia yeye kuliko kochi lako. Ulimi wa paka una vimiba vilivyoelekea kooni, unakwaruza kama msasa. Anapojilamba, manyoya yaliyolegea yananasa humo na hawezi kuyatema, anayameza. Mengi hutoka kwenye choo, mengine huyatapika yakiwa donge refu lililobanana. Donge la mara moja moja lisikutie hofu. Akikaa anajikakamua kutapika na hakuna kitu, amesusa chakula, choo hapati, hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana donge linaweza kuziba utumbo.

Ndani ya nyumba, weka ufagio wa chelewa pembeni kwanza. Ukifagia pakavu manyoya yanaruka, yanatua ulikotoka kufagia. Pitisha dekio bichi. Kwenye kochi vaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe kidogo, uivute upande mmoja tu. Manyoya yatajisokota kuwa kamba unazozichukua kwa vidole. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kwa seti nzima, na sisi tunaoishi na mgao wa maji tunajua thamani ya hilo. Pale paka anapopenda kulala tandika kanga kuukuu, asubuhi ikung'ute nje.

Kuhusu pumu sitaki mtu adharau. Kinachowasumbua wenye mzio ni protini iliyo kwenye mate na tezi za ngozi ya paka. Inakaukia kwenye manyoya na kuelea hewani. Ndiyo maana kumnyoa paka hakumalizi tatizo. Mwenye pumu asimchane yeye, paka asiingie chumba anacholala, na daktari wake aambiwe kwamba nyumbani kuna paka. Ikibidi kweli paka aondoke, mtafutieni nyumba nyingine kwa watu mnaowajua.

Chakula nacho. Unyoya karibu wote ni protini, na paka ni mla nyama kwa maumbile. Ukimpa ugali mtupu wa sembe na maziwa kidogo, koti litafifia, litakatika hovyo, na wewe utasema ni msimu. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya perege wa bwawa la Mtera, utumbo wa kuku uliopikwa: vitu hivi vipo na havihitaji tajiri. Usimmiminie mchuzi uliobaki, kwa sababu vitunguu vinaharibu damu ya paka. Maji yawepo daima, kiangazi zaidi.

Sasa lile linaloniuma kuliko yote. Kupukutika kwa kawaida hakuachi ngozi wazi. Ukiona duara lisilo na manyoya, magamba, vidonda, au paka anajikuna usiku kucha, huo ni ugonjwa au viroboto. Fangasi wa mapunye anahama kutoka kwa paka hadi kichwani kwa mtoto, kwa hiyo usisubiri. Lakini huku kwetu, nchi ya ng'ombe na mbuzi, mkono unakimbilia dawa ya kuogeshea mifugo iliyobaki kwenye chupa, au mafuta ya taa, au oili chafu. Paka atavilamba vyote. Na dawa nyingi za kupe zina permethrini au sipamethrini, viuadudu vilivyotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Ng'ombe anavistahimili, mbwa pia. Ini la paka haliwezi kuvivunja kwa kasi inayotakiwa. Anaanza kutetemeka, mate yanamtoka, degedege linafuata, na anaweza kufa. Nimemwona paka wa jirani akiondoka hivyo, ameogeshwa asubuhi na mtu aliyempenda sana. Ikitokea bahati mbaya ameshapakwa na degedege bado, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunike asipate baridi, mkimbize kwa daktari ukiwa na chupa ya dawa mkononi.

Ndugu zangu mnaouza dawa za mifugo, nawaomba: mtu akisema anataka dawa ya viroboto, mwulizeni ni ya mnyama gani na ana uzito gani kabla hamjapokea hela. Kama ni paka na hamna dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, mwambieni hamna, mumwelekeze kwa daktari.