Nani Ameshika Saa Pale Tambukareli?

Kampuni ilisema mara 14. Vifaa vilivyofungwa kwenye tambukareli, yaani pale barabara inapokatiza reli, vikasema mara 1,457. Hesabu zote mbili zilihusu jambo moja: ni mara ngapi, Novemba na Desemba 2009, treni za kampuni ya reli ya Canadian National (CN) ziliziba barabara kwa dakika 10 au zaidi katika viunga vya Chicago.

Kisa kilianza 2007, CN ilipokubaliana na kampuni ya chuma ya U.S. Steel kununua reli yake ya EJ&E kwa dola milioni 300. Ni njia ya zaidi ya kilomita 300, imejipinda kama upinde kuuzunguka mji kwa mbali. Reli kubwa za Marekani zinakutana Chicago, na treni ya mizigo iliweza kumaliza siku nzima ikijikokota kuvuka mji huo tu. CN ilitaka kupita pembeni.

Ununuzi wa aina hii lazima uidhinishwe na Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu (STB) iliyoko Washington. Kwa kanuni za Bodi, njia ikitarajiwa kuongezewa treni 8 au zaidi kwa siku, athari kwa mazingira huchunguzwa. Penye hewa iliyokwisha kuchafuka, treni 3 zinatosha. Mji mdogo wa Barrington ulikuwa unapitiwa na treni kama 5 kwa siku, na makadirio yakasema zitafika 20 hivi. Treni moja ya kilomita 3 ikisimama hapo inafunga barabara kadhaa kwa mpigo: gari la wagonjwa limewasha king'ora, dereva anatazama mabehewa, hakuna pa kugeuzia.

Hata hivyo, malalamiko ya Barrington sikuyameza yote. Kila treni iliyohamia pembeni ilikuwa inatoka mahali, na mahali penyewe ni mitaa ya ndani ya Chicago yenye watu wengi zaidi, ambao honi na moshi wa dizeli waliuzoea bila kuulizwa na mtu. Barrington ni mji wa wenye nacho. Mawakili wanao, na wabunge wanapokea simu zao. Tathmini ya mazingira ilifanya kazi nzuri hapo: iliweka mezani pande zote mbili za upinde, siyo upande wenye sauti tu.

Desemba 2008 Bodi ikaidhinisha, kwa masharti. Mojawapo lilikuwa CN itoe taarifa kila barabara inapozibwa kwa dakika 10 au zaidi. Hapo ndipo ile 14 ilipotokea. CN ilikuwa inahesabu treni zilizosimama kabisa. Zilizotambaa taratibu huku barabara imefungwa hazikuingia kwenye daftari. Ukaguzi ulioagizwa na Bodi ulikwenda kusoma kumbukumbu za vifaa vya tambukareli, ambavyo havijali treni imesimama au inatambaa. Faini ikawa dola 250,000. Kwa mnunuzi aliyetoa milioni 300, hiyo ni hela ya maandazi. Kilichouma zaidi, nadhani, ni Bodi kurefusha muda wa kuisimamia kampuni.

Watetezi wa reli wana hoja nzito, na siyo propaganda: kwa mafuta yaleyale, treni husafirisha tani moja mbali mara kadhaa kuliko lori. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilipoinunua mwenzake Kansas City Southern kwa dola bilioni 31, Bodi ilikadiria safari 64,000 za malori zingeondoka barabarani kila mwaka, ikaidhinisha Machi 2023. Lakini faida hiyo imesambaa bara zima, na kelele zinatua kitandani kwa mtu. Sheria inamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya tambukareli: ndefu mbili, fupi moja, ndefu tena. Kipande cha reli ya kampuni hizo kinachopita jimbo la Iowa kilikadiriwa kuongezewa treni 14 hivi kwa siku. Jiji la Davenport, humo Iowa, halikungoja uamuzi. Lilipatana na kampuni mapema kwa dola milioni 10. Wengine walisema limeuza utulivu wake. Mimi naona lilijua kuwa Bodi haitoi kila kinachoombwa: baada ya ile idhini ya 2008, Barrington ilikuwa imeomba CN ilazimishwe kugharamia njia ya kutenganisha reli na barabara nambari 14, ikanyimwa.

Safari hii, kwa Canadian Pacific, Bodi ilijipa miaka 7 ya usimamizi. Na Julai 2025 reli ya Union Pacific ilitangaza nia ya kuinunua reli ya Norfolk Southern kwa dola bilioni 85. Tathmini za namna hii huwa na kurasa nyingi za moshi, kelele na vyura. Ya hawa nitaifungulia kwenye masharti, nione ni kifaa gani kitahesabu, na ni nani atakayekisoma.