Dume wa Dorper hana kosa, kosa ni kubakiza binti zake

Peleka mnadani kondoo wawili wa umri mmoja, mmoja chotara wa Dorper, aina ya kondoo wa nyama, na mwingine mwekundu wa Kimaasai. Mchuuzi hatajiuliza mara mbili. Chotara ana mapaja, ana mgongo mpana, na bei yake inajulikana kabla hajapanda mizani. Mwekundu ni mwembamba, miguu mirefu, mafuta yamejaa mkiani. Thamani yake ipo mahali ambapo mchuuzi hapatazami: ndani ya kope.

Msimamo wangu ni huu. Mfugaji mwenye majike wekundu halisi anaweza kumtumia dume wa Dorper kwa faida kubwa, mradi wana wa dume huyo wote wauzwe, madume na majike. Anapowaacha majike chotara kundini na kuwapandisha tena kwa Dorper, anaanza kumwaga kinga dhidi ya minyoo, kitu ambacho hakuna duka la pembejeo linalokiuza.

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn, kondoo wa Kiingereza mwenye sufu na nyama nyingi, na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. (Jina hilo linapotosha, kondoo huyo asili yake ni Somalia.) Chama cha wafugaji wake kikaundwa mwaka 1950. Alikusudiwa nchi kavu kama Karoo, na alichaguliwa kizazi hadi kizazi kwa kukua haraka na kutoa nyama nzuri. Nchi kavu haina umande wa kutosha kuwaweka hai viluwiluwi vya minyoo kwenye majani, kwa hiyo minyoo haikuwa mtihani mkubwa kwake. Mwekundu wa Kimaasai alipitia mchujo mwingine kabisa: karne za malisho yenye minyoo, bila chupa ya dawa. Aliyeshindwa alikufa kabla ya kuzaa. Tofauti ya hawa wawili imeanzia hapo, na rangi haina usemi wowote.

Adui mwenyewe ni Haemonchus contortus, mnyoo anayeishi kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 1,000, mzigo ambao si wa ajabu wakati wa mvua, hutoa mililita 50 kila siku: kikombe kidogo cha kahawa chungu, kutoka kwa kondoo wa kilo 30 mwenye damu ya lita 2 tu. Na jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo kondoo mmoja dhaifu huchafua malisho ya wenzake wote. Wafugaji wengi husubiri kuona kuhara, lakini mnyoo huyu mara nyingi haharishi. Kondoo hubaki nyuma kundi likitembea, kope hupauka, kisha uvimbe laini wa maji huning'inia chini ya taya. Ukifika hapo umechelewa.

Mwekundu ana kinga za namna mbili, na ni vema zisichanganywe. Kwanza anakinza: mwili wake huzuia minyoo isiote wala kutaga kwa wingi, na hilo huonekana kwa mayai machache kwenye kinyesi. Pili anastahimili: hata akiwa na minyoo, damu yake haishuki haraka. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 uliwaweka aina hizi mbili kwenye malisho yale yale yenye unyevu. Wanakondoo wa Dorper walikuwa wazito zaidi wakati wa kuachishwa kunyonya, lakini walikufa wengi zaidi, na ukihesabu mavuno ya kundi zima, wekundu waliwaacha mbali. Kwenye nyanda kavu pengo hilo hupungua. Ndiyo maana siwezi kumwambia mfugaji wa kila mahali jambo moja. Mwenye eneo kavu na majani ya kutosha anaweza kuishi na chotara. Mwenye bonde lenye maji, mteremko wa mlima au shamba la pwani asijaribu.

Sasa hesabu ya vizazi, maana hapa ndipo watu huteleza. Dume wa Dorper kwa jike mwekundu huzaa mwana mwenye nusu kwa nusu, na mwana huyo hupata nguvu yote ya uchotara: anakua vizuri, ana uhai, bado amebeba nusu ya urithi wa mama. Mfugaji anafurahi, anamrudisha binti huyo kwa Dorper. Anayezaliwa ana robo tu ya mwekundu, na nguvu ya uchotara imepungua nusu. Rudia tena: moja ya nane ya mwekundu, nguvu ya uchotara robo. Mwili ni mkubwa, chakula anachohitaji ni kingi, kinga imekwisha. Ukiwapandisha chotara kwa chotara pia hutoki salama, maana nusu ya nguvu ile huondoka na wana wanatoka kila mmoja kivyake, wengine na sufu iliyoshikana mgongoni inayobeba miiba na kupe, wengine bila.

Kenya ililiona hili kwa macho. Katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper walisambazwa kwa wafugaji kwa bei ya ruzuku, bila maelekezo ya jinsi ya kuendesha uzalishaji chotara ili majike halisi wabaki. Chotara wa kwanza walikuwa wazuri, watu wakaendelea tu. Leo kumpata mwekundu asiyechanganyika ni kazi, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanatunza kundi la wekundu kwenye ranchi yao ya Kapiti, Machakos. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu kosa halikuwa la Dorper wala la mfugaji aliyetafuta uzito. Ni mpango uliotoa dume ukasahau kutoa maelezo.

Njia inayofaa ni kugawa kundi. Tuseme una majike 60. Waliozeeka na kuchakaa huondolewa kama 12 kwa mwaka, kwa hiyo unahitaji mitamba 12 wekundu kila mwaka. Ukipandisha 40 kwa dume mwekundu na ukafikisha wanakondoo 32 hadi kuachishwa kunyonya, nusu yao ni majike 16: unachukua 12, unauza 4. Majike 20 wanaobaki nenda nao kwa Dorper, na kila kinachozaliwa huko ni cha soko. Waweke kwa Dorper wale usiotaka urithi wao uendelee: wenye kwato mbaya, maziwa kidogo, au waliopewa dawa mara kwa mara. Wakati wa kupandisha makundi mawili yachungwe mbali. Kama mchungaji ni mmoja, ile ngozi ya kufunga chini ya tumbo la dume ili asipande, ambayo wazee wa Kimaasai wameitumia miaka mingi, bado ni kifaa bora. Kagua kamba zake kila asubuhi.

Kisha chagua ndani ya wekundu wenyewe, maana nao hawalingani. Uzito wa kuachishwa kunyonya na idadi ya mayai ya minyoo hurithiwa kwa kiasi cha wastani, kati ya asilimia 20 na 30. Kuzaa pacha hurithiwa kidogo, karibu asilimia 10. Maana yake kwa vitendo: dume aliyewazidi wenzake kilo 3, kwa urithi wa asilimia 25, hubeba ubora wa gramu 750 na huwapa wanawe nusu yake, kama gramu 375. Ni kidogo, lakini hubaki kwenye kundi na kuongezeka kila kizazi. Ila lazima huo ubora uwe wa kweli, na hapa macho hudanganya sana. Mwanakondoo wa kwanza alizaliwa peke yake akiwa na kilo 3.2, na siku ya 105 ana kilo 16. Wa pili ni pacha, alizaliwa na kilo 2.4, na siku ya 80 ana kilo 13. Watu wote watamchagua wa kwanza. Toa uzito wa kuzaliwa, gawanya kwa siku, zidisha kwa 90, rudisha uzito wa kuzaliwa: wa kwanza anapata kilo 14.2, wa pili 14.3, na huyo wa pili alikuwa akigawana maziwa. Pacha wangapi wazuri wamehasiwa kwa kukosa daftari la shilingi chache!

Jambo linaloficha urithi wa kinga kuliko lolote ni kuwapa dawa ya minyoo wote siku moja. Aliye hodari na aliye goigoi wanatoka hapo sawasawa, na minyoo inayobaki ni ile tu isiyouawa na dawa, ambayo ndiyo itazaliana. Tumia kadi ya FAMACHA, yenye rangi za kulinganisha na kope, iliyotoka Afrika Kusini pia. Simama penye mwanga wa jua, bonyeza kope ya juu kidogo kwa kidole gumba juu ya jicho, vuta kope ya chini, linganisha utando wa ndani na kadi haraka kabla haujabadilika rangi. Namba 1 ni nyekundu kama nyama mbichi, namba 5 ni nyeupe kama karatasi. Namba 4 na 5 wape dawa siku hiyo hiyo. 1 na 2 waache. 3 angalia hali ya mwili na umri. Wakati wa mvua rudia kila wiki mbili, uandike namba ya hereni. Kumbuka kope hupauka pia kwa kupe na minyoo ya ini, kwa hiyo si kila weupe ni wa mnyoo huyu. Ukitaka uhakika kwa madume unaowafikiria, chukua kinyesi moja kwa moja kutoka mkunduni kabla ya dawa, gramu 4 kwenye mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, hesabu mayai katika vyumba vyote viwili vya kioo cha McMaster (kioo cha hadubini cha kuhesabia mayai ya minyoo), zidisha kwa 50 upate mayai kwa kila gramu.

Dume mpya asikae zaidi ya mwaka mmoja na binti zake. Akiingia Januari, wanawe wa kwanza huzaliwa Juni, na kufikia Desemba wapo mitamba walio tayari. Kumzalisha binti kwa baba kunarudisha robo ya urithi upande uleule mara mbili, na wanakondoo dhaifu huanza kuonekana.

Na ukienda kununua dume mwekundu, usiridhike na wekundu wake, kwa kuwa chotara wengi hutoka wekundu vilevile. Pitisha vidole kinyume cha manyoya kuanzia kiunoni hadi mabegani: ukikuta sufu imejificha chini, kuna Dorper humo. Shika mkia, wa kweli ni mpana na mzito kwa mafuta tangu shinani, wa chotara ni mwembamba. Omba kumwona mama yake na ndugu zake, si yeye peke yake. Kisha fungua kope.