Bahari Siyo ya Kwangu, Jamani

Mimi ni mtu wa Newala. Naanza hapo ili tuelewane mapema. Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, mchanga wake unakunywa mvua yote, kwa hiyo sisi tumekua na maji ya ndoo, maji ya dumu, na maji ya kuambiwa "leo usioge, kuna mgeni anakuja." Mengine hatuyajui. Nilishuka Mtwara mjini miaka kumi na nne iliyopita kutengeneza mafriji, na tangu siku hiyo nimeingia baharini mara mbili, zote mpaka magotini. Ya pili nilikuwa naifuata kandambili.

Lakini ukishakaa Mtwara, rafiki zako wa Dar wanakuhesabu wewe ndiye mwenye bahari. Bahari ikichafuka wewe, ikitulia wewe.

Ijumaa usiku wakanishukia watatu: Bonge, Mwalimu na Kipara. Tumesoma wote. Kipara ndiye chanzo cha balaa. Aliona video ya kijana kasimama juu ya ubao, wimbi limemkunja kama chapati, kisha katoka mzima anacheka. Wiki iliyofuata kanunua ubao wa mtumba wa futi tisa. Yeye anaita kusefu. Mke wangu aliposikia wageni wanakuja kusefu alidhani ni kusevu, akafurahi kwamba hatimaye nimepata marafiki wenye akili ya fedha.

Kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 550. Konda alivyouona ubao akadai nauli ya mtu mzima. Wakalipa! Na njiani kuna mama mmoja aliwapa pole, akauliza marehemu ni nani. Pale stendi tukaupakia kwenye bajaji, umetokeza kushoto na kulia, kila tukikata kona watu wanarukuu kama wako msikitini.

Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule. Ubao ulilala sebuleni, kwa sababu Kipara alisema ukikaa nje unaharibika. Bonge alilala koridoni. Yeye haharibiki.

Na kabla hata hawajavua viatu: "Kaka, zile korosho vipi?" Hapo ndipo huwa napandwa na hasira. Mtu wa Dar anadhani korosho Mtwara zinaota getini, unatikisa mti tu zinaanguka zimeshakaangwa na chumvi. Bwana, korosho ya mkulima inakwenda ghalani, inakwenda mnadani, ikirudi dukani na mimi nainunua kwa bei ileile ya binadamu. Nikawanunulia ming'oko. Mwalimu akaiangalia, akauliza kama ni mizizi. Ndiyo, Mwalimu, ni mizizi. Akala sahani mbili.

Jumamosi saa nne asubuhi tuko ufukweni Shangani. Kipara kavaa kaptura ya maua, ubao kaupaka mshumaa (eti nta ya kufanya miguu isiteleze, sasa si umekuja kuteleza?), kamba kajifunga mguuni kama mbuzi wa Idi. Tukafika.

Bahari hakuna.

Nasema hakuna. Kuna mawe, kuna majani, kuna vidimbwi, kuna akina mama wamefunga kanga viunoni wanatafuta pweza kwa vijiti, tena mbali kule mpaka wanaonekana kama sisimizi. Maji yenyewe mstari tu. Wote watatu wakanigeukia mimi. "Kaka, bahari iko wapi?" Kama vile nimeikopesha jirani.

Ikabidi niulize. Kulikuwa na mzee anashona nyavu chini ya mkungu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamweleza shida yetu kwa aibu. Akautazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jana mwezi ulikuwa mpevu. Hili ni bamvua. Maji yamekupwa, yatajaa alasiri." Kumbe mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari inakwenda mbali kweli na kurudi juu kweli, tofauti yake zaidi ya mita tatu, na kwa pwani yetu kukupwa huko huangukia hizi saa za wageni kuamka. Mtu kasafiri siku nzima, hakuangalia mwezi!

"Na mawimbi makubwa yanakuja saa ngapi?" Kipara akauliza.

Mzee akanyoosha kidole kwenye mstari mweupe kule mbali. "Yanavunjikia pale, kwenye mwamba. Huku yanafika yamechoka." Mwalimu naye, kwa kuwa hawezi kukaa bila kufundisha, akafungua ramani kwenye simu akatuonyesha Madagaska ilivyojilaza huko mbele, inazuia sehemu kubwa ya mawimbi ya bahari ya kusini. Ramani hiyo ilikuwa kwenye simu yake tangu Dar. Tangu Dar!

Kipara akasema yeye ataufuata mwamba hukohuko. Hakufika. Hatua ya ishirini akakanyaga mdudu wa miiba myeusi, ile miiba kama sindano za cherehani, ukelele wake ukawafanya akina mama wa pweza wasimame wote kwa pamoja. Nani alimbeba? Mtu wa Newala. Nani aliubeba ubao? Huyohuyo. Livingstone alipoanza safari yake Mikindani mwaka 1866 angalau alikuwa na wapagazi wengi, wakasaidiana.

Mchana mzima tukautumia kutafuta papai bichi, kwa sababu mzee alisema utomvu wake unasaidia. Saa kumi maji yakajaa kweli, mpaka kwenye mizizi ya miti. Wakati huo Kipara yuko kwenye mkeka, mguu umenata papai, anawatazama watoto wa umri wa miaka tisa wamelalia vipande vya mbao za mtumbwi, wanasukumwa na vijiwimbi hadi mchangani, wanarudi, wanacheka. Mmoja alikuwa na nusu ya dumu la mafuta. Alikuwa hodari kuliko wote.

Usiku nikasikia lawama kutoka sebuleni, kwamba ningewaambia. Niwaambie nini? Kuna Mwingereza mmoja mwaka 1959 alitangaza Msimbati hapo kuwa nchi yake huru, yeye sultani. Zamani nilikuwa namcheka. Siku hizi nadhani alikuwa na marafiki Dar.

Jumatatu alfajiri wakaondoka na kilo mbilimbili za korosho, hela yangu. Ubao wakauacha. "Tutarudi Pasaka, kaka, utunze." Mke wangu akaanika makopa juu yake siku nzima, hakuna aliyemlaumu.

Jumanne mteja kaleta friji la milango miwili juu ya kirikuu, na vibarua wangu wote wawili hawajafika. Nikaegemeza ubao kwenye bodi ya gari, upande wa mshumaa chini, tukalilaza friji juu, tukaliachia taratibu.

Lilishuka hilo! Kimya, bila mkwaruzo, mpaka mlangoni.

Nimempigia Kipara video. Hajajibu.