Jicho Moja Barabarani, Jingine Kwenye Mshale

Watu husema fowili za zamani, yale magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hazifi. Ni kweli, hazifi. Zinaugua tu, na mgonjwa asiyekufa ndiye anayefilisi ukoo.

Yangu ina miaka 30 na ugonjwa wake ni homa. Kwenye tambarare haina neno. Ikiuona mlima, mshale wa joto unaanza kupanda kabla yetu sisi. Miaka miwili nimeendesha jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale, na sikio nimelitega kwenye boneti. Mke wangu ananieleza habari za mtoto na masomo, mimi namjibu, "Bado uko katikati."

Na mshale wenyewe mnafiki. Kwenye magari mengi umetengenezwa utulie katikati hata joto likicheza kidogo, dereva asipate presha. Kwa hiyo ukiuona umeanza kutembea, ujue mambo yalishaharibika zamani na wewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Maji yakikauka kabisa ndiyo balaa: kihisi kinabaki hewani, mshale unaweza kushuka, unashangilia gari limepoa, kumbe ndiyo linaungua.

Dawa niliyofundishwa na kila mpita njia ni kuwasha hita. Eti hita nayo ni rejeta ndogo, inanyonya joto la injini. Inasaidia, sikatai. Sasa chukua jua la saa saba mchana, mlima, hita imefunguliwa hadi mwisho, madirisha yote wazi, na mama mkwe kiti cha nyuma anajipepea kwa kitambaa.

"Mwanangu, hili gari halina kiyoyozi?"

"Kipo, mama. Leo kimegeukia upande wa pili."

Nikaanza safari ya mafundi. Wa kwanza alilitazama gari dakika moja akasema rejeta. Ikashushwa, ikaoshwa, na kwa kweli ilistahili: katikati ya vile vibati vyembamba kulikuwa na tope kavu na panzi wa kutosha kuanzisha kijiji. Akapuliza maji kutoka upande wa injini kuja mbele, uchafu utokee ulikoingilia. Nikampongeza. Mlima wa kwanza, mshale juu.

Wa pili akasema feni. Feni ya gari hili ina klachi yenye mafuta mazito ndani: joto likizidi inakamata, likipungua inateleza. Yangu ilikuwa imechoka. Ukizima injini ikiwa ya moto, unaizungusha kwa kidole kimoja. Badala ya kuniambia nitafute nyingine, akaikaza kwa boliti izunguke moja kwa moja na injini. Ndugu zangu, kila nikiwasha gari asubuhi majirani walitoka nje kuangalia helikopta imetua wapi. Mlima, mshale juu, safari hii na kelele juu yake.

Wa tatu alinitisha. Alifungua rejeta iliyopoa, akanusa kama daktari, akaniambia kwa sauti ya msibani, "Bosi, hedi gasketi." Wenye magari ya zamani mnalijua neno hilo: ni ile gasketi inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na injini yenyewe. Ni kushusha hedi, kuipeleka kusagwa kama imepinda, na mwenye gari kupinda pia. Nikamuuliza: maji yanatoa mapovu injini ikinguruma? Hapana. Oili imegeuka kama uji wa udongo? Hapana. Ekzosti inatoa moshi mweupe? Hapana. Sasa umejuaje?

"Uzoefu."

Nikamshukuru, nikafunga boneti, nikaondoka polepole, hita imewashwa.

Ndipo nikaamua kulifungua mwenyewe. Nilianza kumwaga maji kwenye koki ya chini ya rejeta. Aliyeiweka koki pale alihakikisha kwamba kulanti, yaani hayo maji ya kupozea injini, ipite kwanza kwenye mkono wa shati, iteremke hadi kwapani, ndipo ikumbuke kwamba kuna beseni. Kisha nikaifuata themostati, kilango cha maji kinachojifungua kwa joto. Kifuniko chake kimeshikwa na natu mbili tu. Ya kwanza ilifunguka, ikaniponyoka. Fowili ina bamba la chuma la kukinga injini na mawe, na faida yake naijua. Lakini natu ikidondoka haifiki chini. Unasikia kling, kling, halafu kimya. Nililala chali nusu saa natafuta kitu chenye ukubwa wa kifungo. Ya pili ilitafakari kidogo, ikakatika pamoja na boliti yake.

Nikafunua kifuniko. Mnajua nilikuta nini? Sikukuta kitu. Themostati haipo! Fundi fulani wa enzi za mwenye gari aliyenitangulia aliing'oa akaitupa. "Hii ni ya nchi za barafu," lazima alisema hivyo, wote husema hivyo.

Kumbe kwenye injini kama yangu themostati ina kazi mbili. Ikipata joto inafungua njia ya kwenda rejeta, na papo hapo kisahani chake cha nyuma kinaziba njia fupi inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Na maji yana tabia za binadamu, yakiona njia ya mkato hayazunguki. Yanatoka injini yanarudi injini, ya moto vilevile, na rejeta yangu iliyooshwa imekaa mbele inapunga upepo.

Nikatafuta themostati mpya, imegongwa namba 82, nikaitumbukiza kwenye sufuria na kipimajoto pembeni. Maji yalipofika 82 hivi ikaanza kujifungua taratibu, kama jicho la mtu aliyesingizia usingizi.

"Baba, unapika nini?"

"Themostati."

Mke wangu akaitazama sufuria kwa muda. "Hiyo usiirudishe humu ndani."

Nikaifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea. Feni ikapata klachi nyingine, helikopta ikaondoka. Rejeta ikapata mfuniko mpya. Watu wanaudharau, lakini springi yake ndiyo inayobana presha, maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yavumilie hadi karibu 120. Kisha gari nikalipandisha pua juu kwenye mwinuko, rejeta wazi, hita wazi, injini inanguruma, mimi nimeinamia tundu kama mvuvi nikihesabu mapovu hadi yakaisha.

Jumapili tukaenda mlimani, mama mkwe kiti chake kilekile. Tukapanda. Mshale katikati. Tukapanda tena. Katikati! Kwa madaha nikanyoosha mkono kuzima hita. Kitufe kikaja chote, na kipande cha waya nyuma yake. Koki ya hita, baada ya miaka miwili ya kukaa wazi, imeganda hapohapo.

Injini imepoa raha mustarehe. Nyuma nikasikia kitambaa: pwa, pwa, pwa.

"Mwanangu, kiyoyozi bado hakijageuka?"