Shangazi na Ngazi 366 za Brugge

Mnara wa kengele wa Brugge, mji wa Ubelgiji, una urefu wa mita 83, ngazi 366 na njia moja tu. Anayepanda na anayeshuka wanagombania hiyohiyo. Walioanza kuujenga karne ya 13 walitaka pa kutundika kengele na pa kufungia hati za mji. Shangazi yangu wa Tanga hawakumfikiria kabisa.

Nilimsihi abaki chini uwanjani, ale chipsi, anisubiri. Akaniangalia kuanzia utosini hadi viatuni.

"Nimepanda ndege kuja kula chipsi? Tanga hakuna viazi?"

Basi tukapanda. Kwa ajili ya baridi alivaa fulana mbili, dera, sweta, na juu ya vyote koti zito lililojaa manyoya ya bata, nililomwazimia kwa jirani yangu, Mbelgiji mwenye kitambi. Begani mkoba, na ndani yake chokoleti za zawadi, kwa sababu hoteli hakuiamini.

Huko chini ngazi zina unafuu, na kuna vyumba vya kuvutia pumzi. Katika chumba walimofungia hati zao, Shangazi aliyakagua yale makufuli ya chuma, akatikisa kichwa: "Hawa walikuwa na ndugu wengi."

Balaa liko juu. Kadiri unavyopanda, ngazi zinazidi kubana na kujizungusha, na cha kushika ni kamba. Hapo ndipo tulipokutana na jamaa mrefu anashuka, begi mgongoni, nyuma yake mke, watoto na foleni nisiyoiona mwisho. Nyuma yangu mimi, wanafunzi.

Wenzetu wana utaratibu wao: mmoja anajibanza ukutani, mwingine anapita. Jamaa akajibanza. Shangazi, kwa adabu zake za pwani, naye akajibanza. Wakabaki hivyo, tumbo kwa tumbo, njia imeziba kwa heshima.

"Mwambie arudi juu," akaniambia bila kugeuka, maana kugeuka hakukuwezekana.

"Shangazi, nyuma yake kuna watu."

"Na nyuma yangu kuna nini, kuku?"

Jamaa akajaribu kupenya. Mkanda wa mkoba ukanasa kwenye begi lake. Yeye anavuta huku, Shangazi anavuta kule, "Mwizi! Mchana kweupe!" Afadhali alikuwa anapayuka kwa Kiswahili. Na saa ikagonga hapohapo. Mnara ule una kengele 47, na sisi tulikuwa karibu nazo kuliko inavyofaa kwa binadamu. Shangazi akapiga shahada, akauachia mkoba. Mkoba ukachanika.

Alikuwa amechagua chokoleti za mviringo. Zikashuka ngazi mojamoja, ta, ta, ta, zikapotelea konani, na huko chini tukaanza kusikia sauti za watu: kwanza ya aliyeshtuka, halafu ya aliyeonja.

Katika kuinama kuokota zilizobaki, wawili wale wakanasuka wenyewe.

Kileleni kuna mapaa mekundu na uwanja mzima chini ya miguu yako, lakini Shangazi hakuvitazama sana. Nilikuwa nimemsomea kwamba mnara umeinama kidogo kuelekea mashariki, kama sentimita 87, kwa hiyo muda wote alisimama upande wa magharibi, kuusawazisha.

Kushuka akatangulia yeye, na sheria mpya. Kila kona, kabla hajaingia: "Hodi!" Watu gani hawa, alilalamika, wanaingia kwenye njia ya mwenzao bila kubisha? Na waliokuwa wanapanda walisimama kweli, wakatafuta pa kujisitiri, wakampisha. Hakuna aliyenasa.

Tulipofika getini, kutoka juu kabisa ikaja sauti nzito ya kizungu: "Hodiii!"

Shangazi akainua uso kwenye ngazi, boksi tupu mkononi.

"Pita, baba! Lakini chokoleti yangu utalipa!"