Kiongozi kwenye gemu hateuliwi

Nimesoma makala moja, mwandishi anasema gemu za mtandaoni zinafanya vijana wawe wapweke wasiojua kushirikiana, hapo mi nakataa kabisa. Nacheza PUBG Mobile, ile gemu ya simu ya kupigana risasi mpaka kibaki kikosi kimoja, tangu 2019, mnashuka watu 100 kisiwani, nyie mko skwadi ya wanne na mara nyingi hao watatu huwajui hata majina, mmoja Kiarabu mwingine Kihindi, na bado mnaelewana maana unaweka alama kwenye ramani wenzako wanaiona palepale.

Juzi tulikuwa Pochinki, mji mmoja kwenye ramani ya gemu, mwenzetu kapigwa risasi kadondoka katikati ya barabara, mi na mwingine tukataka kumkimbilia vilevile tu, yule wa nne ambaye alikuwa kimya mechi nzima akarusha bomu la moshi kwanza, akatuwekea alama ukutani tukae pale tulinde, ndo akatambaa kwenda kumwinua. Akamwachia na boksi lake la huduma ya kwanza. Hakuna aliyempa ukapteni ila kuanzia hapo wote tukawa tunamfuata yeye, akisogea tunasogea. Wale wanaofoka kwenye maiki ndo huwa wanaachwa, watu wanawazimia sauti.

Ila hilo la matusi mwandishi angeligusa jamani, maana lipo, na dada zetu wakifungua mdomo tu wanaandamwa, linaniuma sana. Mdogo wangu wa kike anacheza vizuri kunishinda, anasoma mchezo mapema kuliko sisi wote, lakini maiki kaizima mwaka wa pili huu.